Kaskazi, joto na watoto wanaosomea nyumbani

Barua za wasomaji na majibu yake, kutoka Wete, Pemba

Tangu nilipotaja hapa kwamba watoto wangu watatu wanasomea nyumbani, wa miaka minane, sita na minne, barua hazijakatika. Sasa Januari imeingia, upepo wa kaskazi umeshika na bati halishikiki kwa mkono, nyingi zinauliza habari ya joto. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, na wale ambao barua zao zinafanana nayo wahesabu wamejibiwa.

*Assalamu alaykum. Nina watoto wawili, wa miaka mitano na saba, nawasomesha mwenyewe nyumbani. Mwezi wa Juni tulikwenda vizuri sana. Sasa ikifika saa nne asubuhi mkubwa ameshalalia daftari, mdogo analia, na mimi nimeshapandisha sauti. Nimebandika ratiba ukutani, kila somo dakika arubaini. Tafadhali usinipe ratiba nyengine, ninazo za kutosha. Nieleze tu siku yako ya jana ilikwendaje. — Mama wa Wawili, Chukwani*

Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza ibandue hiyo ratiba. Dakika arubaini ni kipimo cha skuli, ambako mwalimu ana darasa zima na kengele ya kumwambia aondoke. Wewe una wawili, na wa kukwambia uondoke ni jua.

Jana, basi. Tuliamka na adhana ya alfajiri, mimi, baba yao na mkubwa. Wale wengine huamshwa na njaa, na mie siwasumbui kabla ya hapo. Tulikunywa chai ya rangi na boflo la juzi lililopashwa moto juu ya mkaa. Mlango wa mbele na wa uani yote wazi, upepo unapita. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshakaa mkekani ukumbini, ikaanza skuli ya vitabu. Kabla ya saa mbili ilikuwa imekwisha. Najua unahesabu. Ndiyo, haifiki saa moja na nusu, na hapo katikati mdogo alikwenda chooni akarudi bila suruali, tukapoteza muda kwa kucheka.

Mkubwa alisoma ukurasa kwa sauti, akafunga kitabu, akanieleza alichokisoma kwa maneno yake. Akirudia maneno ya kitabu namrudisha. Kisha akaandika mistari michache juu ya ngarawa ya jirani inayozibwa nyufa. Wa kati yumo kwenye silabi, na yeye nilimpeleka uani kwenye kamba ya nguo. Kanga zina faida hii: maandishi yake ni herufi kubwa, yamenyooka, na mtoto anayaona tangu yuko mgongoni. Jana alisoma kanga nzima peke yake, ya bibi yake, kisha akataka kujua inakusudia nini. Ilikuwa kanga ya kumpiga kijembe mtu, na mtu mwenyewe anamjua. Nikamwambia akamuulize bibi.

Mdogo kazi yake ni komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Nampa bakuli, naye anazigawa kwenye vifuu mbili mbili, tatu tatu, mpaka zimwagike. Habari ya komwe, vifuu na kokoto sikuibuni mie. Niliiona kwenye skuli za maandalizi za madrasa, ule mpango wa Aga Khan ulioanzia Mombasa katika miaka ya 80 na kuingia Zanzibar mwaka 1990, ambapo walimu hufundishia vitu wanavyookota mtaani. Komwe haivunjiki, na ikipotea hakuna wa kulia.

Saa mbili tukashuka pwani. Hapa, dada, ndipo ninapotaka unisikilize, maana wapo wanaowanyima watoto pwani kaskazi nzima kwa kuogopa jua, na wapo wanaowapeleka saa sita mchana wakarudi nao wanaumwa kichwa. Tizama tarehe ya Kiislamu kwenye kalenda. Karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu, yaani mosi na kumi na tano, ndiyo bamvu, maji yanapojaa sana na kutoka sana, na maji ya bamvu kwetu visiwani hukupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku inayopita huchelewa kiasi cha dakika hamsini. Kwa hivyo ukirudi nyuma siku mbili tatu, tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, au ishirini na saba, utayakuta yametoka mapema na jua bado halijawa kali. Ikifika tarehe saba au nane ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki mbali, tena asubuhi ndiyo yanajaa, na hakuna cha kutizama. Wavuvi na wanawake wa mwani wanayajua haya bila kalenda. Sisi wa nyumbani tuangalie tu ukutani.

Jana ilikuwa kumi na tatu. Hatukuchukua daftari, tulichukua maji ya kunywa na kofia. Tulichuchumaa penye mikoko tukawatizama kaa wadogo wale wenye gando moja kubwa kupita kiwiliwili chao. Wa kati akaona kwamba wapo wengine wenye magando mawili madogo, akasema hao ni watoto. Nikamwambia atizame wanavyokula. Wale wa magando madogo wanachota tope kwa mikono miwili, huku na huku, na mwenye gando kubwa anachota kwa mkono mmoja tu, ule mwengine umemkalia bure. Wa mikono miwili ni majike. Dume gando lake ni la kumpungia jike na kumtisha dume mwenziwe. Mkubwa akauliza kama dume anashiba. Sikumjibu. Siku ya pwani ijayo atachukua saa ya baba yake, ahesabu jike na dume nani anapeleka mkono mdomoni mara nyingi zaidi kwa dakika. Hilo nalo ni somo la hesabu, ila yeye hajaambiwa.

Saa nne kasoro tulikuwa tumesharudi, tukajimwagia maji uani kwa kata. Tena kazi za nyumba. Mkubwa alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, na bado anakuna mpaka akafikia kifuu, tui linatoka na rangi yake. Wa kati alipima mchele kwa kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja, na mtoto aliyekwisha kupima mchele wa nyumba hahitaji kuchorewa duara lililokatwa vipande ili aelewe robo. Ikiwa kwako hakuna kibaba, kikombe kinatosha, mradi kiwe hicho hicho siku zote. Mdogo alijilaza kwenye sakafu ya saruji, tumbo wazi, akawa anajiimbia mambo yake.

Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu hatukufanya kitu. Nataka uisome hiyo sentensi mara mbili, kwa sababu barua yako inanionyesha kwamba ni saa hizo unazozigombania. Tulikula wali na mchuzi wa samaki, tukamaliza kwa embe, tukasali, tukatandika mikeka upande wa nyumba uliokuwa na kivuli. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Niliroweka kanga, nikaikamua, nikamfunika mdogo miguu, akalala. Mwenye kulala alale, asiyelala anyamaze, hiyo ndiyo sheria. Mkubwa akasema hana la kufanya. Nikamwambia vyema. Akagaragara, akahesabu boriti, akamchokoza dadake, akakemewa. Baada ya muda nikamsikia anapanga komwe kwenye bao.

Mama wengi tunashindwa kuvumilia mtoto akisema hana la kufanya. Tunaruka, tunampa karatasi, tunampa simu, tunampa kazi ya kuchora. Mie naona ukimjazia saa hizo unamnyang'anya, na mwenyewe unajichosha bure kwenye joto ambalo hata kuku hatembei. Wangu karibu kila mchezo waliobuni wenyewe umetoka mchana.

La joto lenyewe kidogo. Mdogo wangu ana harara shingoni na mgongoni. Dawa yangu ni maji baridi mara kwa mara, nguo ya pamba iliyolegea, au bila ya nguo, na simpaki mafuta mazito. Wape maji kabla hawajaomba, hasa waliotoka kucheza. Dafu likipatikana ni jema, na juisi ya ukwaju ukiipunguza sukari. Mtoto akiwa mlegevu, ngozi moto, hataki kunywa au anatapika, acha kunisoma mie, mpeleke hospitali.

Alasiri ilipokwisha kusaliwa walikwenda chuoni kusoma Kurani, wakubwa wawili, na mdogo akalia kwa kuachwa kama desturi yake. Watu huniuliza wanangu watapata wapi wenzao ikiwa hawaendi skuli. Nawaambia waje wasimame njiani saa kumi na moja na nusu, chuo kikitoka, wasikilize zile kelele. Walicheza nage mpaka magharibi. Usiku, baada ya isha, bibi yao akasema paukwa, wakaitikia pakawa, na hadithi haikufika mwisho kwa sababu wote walikuwa wameshalala, pamoja na bibi.

Ndiyo siku yenyewe. Usiige saa zangu, Chukwani si Wete. Lakini kuna jambo moja uliandika wewe mwenyewe kisha ukalipita: Juni mlikwenda vizuri. Bila shaka. Juni ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, mtoto anaweza kukaa na kitabu mpaka saa sita na asione tabu. Tatizo lako ni kwamba unataka Januari ifanane na Juni. Skuli haina budi kufanya hivyo, ina muhula. Wewe huna ulazima huo. Mambo mapya na mazito, kujumlisha kwa kubeba, mwandiko wa kuunganisha, kitabu kipya, nayaweka kuanzia Juni hadi Agosti. Kaskazi nairudia ya zamani, tena asubuhi tu. Masika nayo ina yake, mvua ikipiga bati hamsikilizani, basi tunaandika. Mkulima hapandi kila mwezi, na hakuna anayemwita mvivu.

Ukitaka kuanzia pahala, anza kwa kuwalaza mapema wiki hii. Kuamka kabla ya jua kutakuja kwenyewe.

*Je, kumsomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa? Naogopa nisije nikaitwa. — Msomaji, Kiembesamaki*

Usingoje kuitwa, nenda wewe. Sheria ya Elimu ya Zanzibar ni Namba 6 ya mwaka 1982, na elimu kwa mtoto aliyefika umri ni ya lazima, si hiari ya mzazi. Sera ya Elimu ya 2006 iliingiza na maandalizi ya miaka miwili kwenye mfumo, kabla ya msingi ya miaka sita. Kwa hivyo chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nenda ofisi ya elimu ya wilaya yako, eleza unachokifanya na unachokusudia, na uulize habari ya mitihani, maana mtoto asiyejulikana popote atapata tabu siku ya kutaka kufanya mtihani. Mie nilikwenda. Sitaandika hapa nilichoambiwa, kwa sababu nyinyi wasomaji wangu mtakikata mkakibandika ukutani kana kwamba ni sheria ya kila mtu.

*Mama mkwe anaishi na sisi. Kila siku ananiambia watoto wangu wanachezea matope na kuchambua karafuu, na kwamba hiyo si skuli. Mume wangu ananyamaza. Nimechoka. — Mkaza Mwana, Micheweni*

Mkaza mwana mwenzangu, pole. Huyo mume anayenyamaza tutamzungumza siku nyengine.

Mama mkwe anauliza swali la haki, hata akiliuliza kwa ukali. Yeye alipigania wanawe waende skuli, pengine kwa miguu na bila viatu, na sasa anawaona wajukuu wako chini ya mwembe. Usimjibu kwa maneno. Mfanye mtoto amsomee. Kila jioni, dakika kumi, mtoto akae karibu na bibi yake amsomee chochote, kitabu, gazeti, karatasi ya dawa za bibi. Bibi anayesomewa karatasi yake ya dawa na mjukuu wa miaka saba hana tena la kusema, au atakuwa nalo jengine.

Na hayo matope na karafuu, mpe yeye awe mwalimu wake. Anajua kusuka ukili? Basi asiachiwe mwengine yeyote kuwafundisha. Mtoto anayeshika miyaa anajifunza kuhesabu, kufuata mpango na kuona kosa lilipo mapema, kwa sababu ukikosa mwanzo mkeka mzima unakwenda upande. Mikono ya ukili ndiyo hiyo hiyo ya mwandiko mzuri.

Karafuu nazo, msichambue tu. Azima mizani dukani. Pimeni kilo tatu za karafuu mbichi, zilizokwisha kutolewa makonyo, muzianike kwenye jamvi lao peke yake, na kila jioni zikiingizwa ndani muzipime tena, mtoto aandike. Jua likiwa zuri, siku nne tano zinatosha, na mwisho mtabakiwa na kilo moja hivi. Muulizeni bibi zile mbili zimekwenda wapi. Atawaambia ni maji, na atawaambia pia ni nani mtaani aliyewahi kuuza karafuu ambazo hazijakauka sawasawa. Historia ya Pemba hiyo, na haimo kitabuni.

*Mimi ni baba. Mke wangu anasomesha watoto asubuhi, mimi nakuwa nao mchana kwa sababu kazi yangu ni ya usiku. Ninataka kulala. Simu inawatuliza. Kuna ubaya gani? — Baba wa Watatu, Mkoani*

Ndugu yangu, kwanza nimefurahi kuandikiwa na baba. Sitakwambia simu ni sumu. Mtu aliyekesha kazini anahitaji usingizi, na nusu saa ya katuni haijamuua mtoto. Ila angalia wanachofanya baada ya simu kuondolewa. Ikiwa wanapigana na kulia kila siku, basi haijawatuliza, imewafunga tu kamba kwa muda.

Mimi mchana napendelea redio, na sisemi kwa uzee. Redio inaacha macho na mikono huru. Sisi Zanzibar tunalijua hilo: kuanzia mwaka 2006 palikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, vikisikilizwa kwenye vituo vya mitaani ambavyo watu wakaviita TuTu. Mtoto anaimba, anaruka, anahesabu vidole, anajibu sauti asiyoiona. Tafuta kipindi chochote cha watoto, weka sauti ya chini, ulale.

Na ununue bao, au ulichimbe chini kivulini. Mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne. Usiwaanzishie bao lenyewe la wazee. Liko bao la kujifunza, ambapo kila shimo linatiwa kete mbili tangu mwanzo na mchezo unaendelea. Mkubwa wako atamfundisha wa kati, watagombana juu ya kete moja, watahesabu upya. Hutapata ukimya kamili. Utapata usingizi wa baba.

*Sisi tuko Uingereza, na watoto wetu wa miaka saba na tisa tunawasomesha nyumbani. Huku majira ya joto ni Julai na Agosti. Mwaka huu Disemba inshallah tutakuja Pemba kwa wazee, tukae mpaka Februari. Nibebe vitabu gani, na tuendelee na masomo au tuwape likizo? — Mama wa Ughaibuni*

Dada, huko sheria ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya kutosha, kwa skuli au kwa njia nyengine, kwa hivyo hilo la vitabu unalijua kuliko mie. Ninalolijua ni la huku. Mtakuwa mmetoka kwenye baridi na siku fupi, mkashuka moja kwa moja kwenye kaskazi. Wiki ya kwanza msisome kitu. Watalala ovyo, watakataa chakula, watamaliza madafu ya babu yao.

Baada ya hapo, bebeni kitabu kimoja cha hesabu na vya hadithi wanavyovipenda, basi. Kiswahili msiwafundishe, watumeni. "Nenda dukani ukalete chumvi na kiberiti, usisahau chenji." Atarudi na chumvi bila kiberiti, atarudishwa, mwenye duka atamcheka, kesho atasema vizuri.

Mna jambo moja ambalo wanangu hawana: mmeona siku inavyorefuka na kufupika. London mwezi wa Juni mchana unapita saa kumi na sita, na Disemba haufiki saa nane. Pemba, tofauti ya siku ndefu na fupi ya mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Wape daftari waandike saa ya magharibi kila siku, Disemba na Januari, walinganishe na zile walizoandika huko kwao Oktoba na Novemba. Anzeni kabla hamjasafiri.

Na muwapeleke Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wanaokula matunda, ambao hawapatikani pahala pengine popote duniani ila kisiwa hiki. Nendeni alasiri. Wanalala wananing'inia, lakini wanagombana usingizini, watoto watapenda. Na msitu wa Ngezi, kama mtafika Konde.

*Mama yangu ananisomesha nyumbani. Wenzangu wa skuli Disemba yote walikuwa likizo na mimi nilisoma. Sasa wao wamerudi skuli na mimi bado nasoma. Mimi likizo yangu lini? — Mtoto wa Miaka Tisa, Konde*

Mwanangu, barua yako nimeipenda kuliko zote, na mwandiko wako umenyooka, mwambie mama.

Nitakuwa mkweli: umedhulumiwa kidogo, si sana. Wenzako wakiwa skuli mpaka mchana, wewe nadhani saa tatu umeshamaliza. Ukizikusanya saa hizo utaona likizo yako imo humo humo, imekatwa vipande vidogo. Lakini mtu anataka na kipande kizima. Kwa hivyo mwombe mama wiki moja ya bila kitabu, kabla Ramadhani haijafika. Omba kwa adabu, baada ya kumkunia nazi. Mwonyeshe na hili gazeti.

Wiki hiyo usikae bure kabisa, fanya jambo hili. Tafuta kijiti kilichonyooka, kirefu kama mkono wako, ukichomeke wima mahali pa wazi, sawasawa, kisiiname. Ikifika saa sita na robo mchana weka kokoto penye ncha ya kivuli chake, na tena kila baada ya dakika tano mpaka saa saba kasorobo. Kimbilia kivulini kila ukimaliza, na uvae kofia. Kokoto iliyo karibu zaidi na kijiti ndiyo inayoonyesha jua lilipokuwa juu kabisa. Chora mstari kutoka kijitini hadi kwenye kokoto hiyo, kisha simama utizame mstari wako unaelekea wapi, ulinganishe na kibla cha msikiti wenu.

Vitaelekea upande mmoja. Makka iko kaskazini yetu, karibu kabisa sawa na sisi, na Januari jua la mchana liko upande wa kusini, basi kivuli kinaangukia kaskazini. Pima urefu wake kwa rula, andika. Rudia kila Jumamosi. Kitakuwa kinafupika, na mwanzoni mwa Machi itatokea siku ambayo kijiti hakina kivuli kabisa. Baada ya hapo kitatokea upande wa pili, kusini, na kitakaa huko mpaka mwanzoni mwa Oktoba.

Usimwambie mama kwamba hili ni somo. Siku utakayokikosa kivuli, niandikie tarehe na saa, uniandikie na jina la kijiji chako, na ikiwa siku hiyo palikuwa na mawingu sema palikuwa na mawingu, usikisie.